Maksai wa Mheshimiwa

“Asekon, ukiongea na hao akina mama, waulize kofia za bluu walikimbia saa ngapi. Usiulize kama walikimbia. Uliza saa ngapi.”

Hayo aliniambia Longor akizima gari mbele ya duka la Kuol, Kakuma, siku moja baada ya Krismasi ya 2013. Longor alikuwa mheshimiwa, mjumbe wa kaunti aliyechaguliwa Machi mwaka huo, na mimi nilikuwa mchumba wake. Jumamosi kulikuwa na mkutano Lodwar, kwenye ukumbi wa kanisa. Watu wangeamua kama Turkana itume ujumbe Nairobi kusema wanajeshi wetu warudishwe kutoka kulinda amani nchi za watu. Yeye ndiye aliyeuitisha, na alitaka stori za wakimbizi wapya wa Sudan Kusini, waliokuwa wakimiminika Kakuma tangu risasi zilipoanza kulia Juba.

“Na kama hawakukimbia?” nikamuuliza.

“Basi tafuta mwingine wa kuongea naye.”

Akacheka, akaenda kusalimia viongozi wa kambi.

Sikumlaumu, kwa sababu hao kofia za bluu, wanajeshi wa UN, mimi nilikuwa nawachukia kuliko yeye. Mmoja wao, Koplo Epuyo wa Kaaleng, alikuwa mwanamume wangu. Alikwenda Juba mwaka 2012 akaniahidi mwaka mmoja tu, akirudi anamchoma maksai mkuki, kama harusi ya kwetu inavyotaka, tunakuwa mume na mke. Mwaka mpya ulipoingia akanyamaza kabisa. Longor, rafiki yake tangu wakichunga mbuzi, ndiye aliyekuja kuniambia kwamba Epuyo ana mwanamke Juba na mtoto amezaliwa. Nililia mpaka nikachoka kulia, halafu nikawa na hasira tu. Longor aliponiposa nikakubali, na nilitaka habari zimfikie Epuyo huko huko kwenye dola zake.

Kuol alikuwa mfanyabiashara wa miaka mingi pale kambini. Alinivutia kiti, akaita msichana aliyekuwa akimimina chai.

“Huyu mtoto ya dada yangu, Nyanut. Alisoma hapa hapa Kakuma. Uhuru ilipokuja akarudi nyumbani. Sasa vita imemrudisha.”

“Ejok, dada,” Nyanut akanisalimu, hakuwa amesahau salamu ya Kiturkana.

“Ejok-nooi. Mimi naitwa Asekon. Natoka Lodwar, pale Nawoitorong.”

Akaweka birika chini, akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

“Asekon ya Nawoitorong? Ile inapika kwa gesti ya akina mama?”

“Ndiyo mimi. Umenijuaje?”

“Wewe umeolewa.”

“Bado. Ni mwezi ujao.”

“Hapana. Yeye aliniambia umeolewa tangu Januari.”

“Yeye nani?”

Nyanut akafungua fundo kwenye pindo la nguo yake, akatoa uzi mmoja wa ushanga. Kijani na nyeusi, na shanga moja nyeupe katikati. Mikono yangu ndiyo iliyoutunga. Nilimfungia Epuyo shingoni asubuhi aliyoondoka.

“Askari alinipa,” akasema. “Alisema nikifika Kenya nitafute Asekon, nimrudishie. Alisema ushanga ya mke wa mtu haiwezi kukaa kwa shingo ya mwanaume mwingine.”

“Huyo askari ana mke wake huko. Na mtoto.”

“Epuyo?” Nyanut karibu acheke. “Epuyo analala kwa magunia ya mchanga, pale langoni. Wenzake walimaliza muda wakarudi Kenya, yeye akaomba kuongeza. Nikamuuliza, wewe huna kwenu? Akasema, nirudi kwa nani?”

“Ulimjuaje?”

“Walikuwa wanatupiga risasi kutoka nyuma. Tukakimbilia kambi ya UN, tukakuta lango imefungwa. Wakubwa walikuwa bado wanaulizana kwa redio kama tuingie au tusiingie. Epuyo hakungoja. Akafungua, akatoka nje, akasimama na bunduki yake upande ile risasi inatoka, na sisi tukapita nyuma ya mgongo yake. Mama yangu ni mzee, alimbeba. Bado yuko huko ndani, hangeweza safari.”

Sikujua niangalie wapi. Kuol akasukuma simu yake mezani.

“Nyanut alinipigia na simu ya huyo askari, kuniambia yuko hai. Namba iko hapa. Mimi ningekuwa wewe, ningempigia.”

Nikapiga.

“Hello, Kuol? Nyanut alifika?”

Ilikuwa sauti yake ile ile, kavu, ya mtu anayepiga simu akiwa amesimama.

“Alifika,” nikasema.

“Nani huyu?”

“Asekon.”

Nikasikia injini ya lori upande wake na watu wakiitana.

“Pole,” akasema. “Sikutaka kukuletea shida kwa nyumba yako. Nilitaka tu ushanga urudi.”

“Nyumba gani, Epuyo?”

“Si wewe uliniandikia? ‘Nimeolewa. Usinitafute tena.’ Nikadhani ni mchezo. Nikapiga, hukupokea. Nikaandika, ukanitukana. Hata jana nilikutakia Krismasi njema, ukanijibu niachane na wewe.”

“Kwa namba gani?”

“Namba yako, Asekon. Ile ile.”

Hapo ndipo kila kitu kilipokaa mahali pake. Mwisho wa 2012 serikali ilizima laini zote ambazo hazikusajiliwa. Kitambulisho changu kilikuwa bado hakijatoka, kama watu wengi wa huku. Longor aliniambia, leta laini yako nikuhangaikie. Nikaitoa kwa mkono wangu, nikampa. Akarudi na laini mpya akisema ile imekufa kabisa. Namba ya Epuyo ya Juba ilikuwa kwenye laini hiyo na kichwani sikuwa nayo. Kumbe mwizi aliisajili kwa kitambulisho chake, akawa mimi.

“Epuyo, laini yangu anayo Longor.”

“Longor yupi?”

“Unawajua Longor wangapi?”

Nikasikia kelele za lori zikififia, alikuwa anasogea pembeni.

“Aliniandikia pole,” akasema polepole. “Kwa namba yake. Alisema niongeze mwaka, nikirudi na hasira nitaua mtu.” Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, “Nitamuua.”

“Hutamuua. Wewe umetumwa kulinda amani, ilinde. Mimi hakuna aliyenituma.”

“Unataka kufanya nini?”

“Kesho iandikie ile namba yangu. Sema umepata likizo, Jumamosi unavuka mpaka, ukifika Loki upande wetu utanijulisha. Jumamosi asubuhi andika tena kwamba umefika. Akiogopa unakuja, hataizima hiyo simu hata dakika moja.”

“Asekon.”

“Sema.”

“Kwa hivyo hukuolewa.”

“Sikuolewa, Epuyo.”

Nilisikia akivuta pumzi. Nikakata simu.

Longor aliporudi nilikuwa nimeshanawa uso.

“Umepata stori?”

“Nimepata ya kushinda zote. Huyu msichana atakuja mwenyewe na mjomba wake. Watafutie ruhusa ya kutoka kambini.”

“Ndiyo maana nakuoa,” akasema, akaenda kuwatafutia ruhusa kwa jina lake.

Kesho yake alinipitia Nawoitorong tukatazame maksai. Huyo maksai ni lazima niwaeleze. Kwetu mwanamume huwa na maksai wake mmoja wa moyo, humtungia nyimbo na kumchonga pembe tangu akiwa ndama. Wa Longor alikuwa wa rangi ya udongo, pembe moja imepindwa mpaka karibu na jicho. Kwa kutaka kuonyesha jinsi anavyonipenda, alikuwa amemtoa huyo huyo awe maksai wa harusi, na tayari alikuwa zizini kwa Mzee Lomunokol, ndugu ya marehemu baba yangu. Watu walisema amerukwa na akili. Longor alikuwa akimwimbia, mikono juu kama pembe, wakati kitu kilipolia kwenye mfuko wa koti lake. Akatoa kasimu kadogo ambako sikuwahi kukaona. Akasoma, na wimbo ukaishia hapo.

“Nani?” nikauliza.

“Watu wa kaunti.”

“Wanasumbua mpaka kwa ng'ombe?”

Akakarudisha mfukoni. Maksai alimgeuzia kichwa, akingoja wimbo uendelee.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Stephen, katekista, ndiye aliyeongoza. Mzee Lomunokol alikaa mbele, bega kwa bega na Longor. Na Longor, kwa kujiamini kwake, alikuwa amemleta kwa gari lake Mama Apua kutoka Kaaleng, upande wa mpakani, awe shahidi wa kwanza. Mama Apua ni mama yake Epuyo.

“Ejok,” akasema mama yule. “Mimi sijui maneno mengi. Mbuzi yangu walichukuliwa na wezi wa mifugo mchana, jua likiwa hapa juu. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha, na hakuna askari alikuja. Na mimi nimezaa askari. Nilipea serikali kijana, serikali ikapea watu wengine. Kwetu simu haishiki, nilikuwa namtegemea huyu mheshimiwa aniletee salamu zake. Ananiambia mtoto alinisahau. Warudi. Ni hiyo tu.”

Hakuna aliyepiga makofi, kila mtu alikuwa anajua ni kweli. Mimi mwenyewe machozi yalinijia. Longor akasimama.

“Mmesikia. Mpaka wetu uko wazi, na bunduki zetu ziko Juba. Na huko wanalinda nini? Wanatafuta dola na wasichana. Mnamwona Asekon pale? Askari wa mama huyu alimwahidi harusi. Leo ana mke Juba na mtoto. Nani alimfuta machozi? Ni mimi niliyebaki nyumbani. Mwanaume ni yule anayebaki.”

Hapo makofi yakapigwa. Akamwita Nyanut kwa tabasamu.

“Waambie, msichana. Kofia za bluu walikimbia saa ngapi?”

“Hawakukimbia,” Nyanut akasema. “Wengine walikaa ndani, hawakufanya kitu, hiyo sitaficha. Lakini mmoja alifungua lango. Mimi niko hapa kwa sababu ya huyo mmoja. Anaitwa Epuyo.”

Mama Apua akainuka. “Epuyo gani?”

“Epuyo ya Kaaleng, mama. Iko na kovu hapa kwa kidevu.”

“Ng'ombe ilimpiga teke akiwa mdogo,” akasema Mama Apua, hamwambii mtu yeyote. “Bado ako hai?”

“Ako hai. Anakulilia kila siku. Anasema alituma salamu nyingi, na mama hajibu.”

“Huyu msichana amechoka na safari,” Longor akaingilia. “Katekista, tuendelee.”

“Kabla hatujaendelea,” nikasema, nikasimama, “nina simu moja ya kupiga.”

“Asekon, huu ni mkutano.”

“Ni fupi, mheshimiwa.”

Namba yangu ya zamani naijua nikiwa usingizini. Nikaibonyeza. Na kwenye mfuko wa koti la mheshimiwa kitu kikaanza kulia.

Longor akakibana kwa kiganja juu ya kitambaa mpaka kikanyamaza. Nikapiga tena. Kikalia tena.

“Pokea,” nikamwambia. “Labda ni watu wa kaunti.”

Watu wa nyuma wakacheka bila kujua wanacheka nini.

“Ndugu zangu, hiyo inayolia ni laini yangu,” nikasema. “Ile iliyozimwa mwaka mpya. Nilimpa huyu anisaidie, akaniambia imekufa. Imekaa mfukoni mwake mwaka mzima, na yeye ndiye anayemjibu Epuyo kwa jina langu.”

“Ni simu ya ofisi,” Longor akasema. Jasho lilikuwa limeshamtoka.

Mzee Lomunokol akanyoosha mkono bila kumwangalia. “Leta nione ofisi yako.”

“Mzee, ni mambo ya siri ya kaunti.”

“Leta.”

Ukumbi mzima ulikuwa unautazama mkono wake. Akaitoa. Lomunokol hajui kusoma, akampa Stephen. Katekista akavaa miwani, akasogea dirishani, akasoma kwa ile sauti yake ya kusoma Injili.

“Ya asubuhi hii. ‘Asekon, nimefika Loki. Niambie kwa mdomo wako.’ Na jibu: ‘Usije Lodwar. Mimi ni mke wa Longor. Ananipenda sana na yeye ni mwanaume wa maana kukushinda wewe.’”

Kicheko kilichotoka pale kilitikisa mabati. Mwanamume amejiandikia sifa kwa jina la mwanamke. Wanawake wa sokoni walishikana mabega, mmoja akakaa chini kabisa. Stephen alijaribu kuendelea kusoma, akashindwa, akavua miwani.

Mama Apua hakucheka. Alitembea mpaka mbele yake.

“Ulikunywa maziwa kwangu,” akasema. “Ulikaa kwa ngozi yangu, kibuyu yangu mkononi, ukaniambia mtoto wangu alinisahau.”

Longor hakuweza kumtazama. Akanigeukia mimi.

“Nilikupenda, Asekon. Nilikupenda hata kabla yake. Yeye alichagua kwenda kwa nchi ya watu, mimi nilibaki. Si nilibaki?”

“Ulibaki na simu yangu.”

“Nilifanya vibaya. Lakini nilifanya kwa ajili yako.”

“Ulinifanya nimchukie mtu aliyekuwa analala kwa mchanga akinililia. Ukanisimamisha hapa leo kama mfano. Nilitaka uaibike mbele ya watu wote unaowaomba kura, mheshimiwa, na umeaibika. Nimefurahi. Sitasema uongo kanisani.”

Mzee Lomunokol akapiga kijiti chake sakafuni.

“Hakuna harusi. Mifugo yako mingine njoo uchukue, hatutaki hata kwato. Maksai anabaki. Ni faini ya huyu mama. Utampeleka Kaaleng wewe mwenyewe, kwa miguu.”

Hapo ndipo Longor alipovunjika. Kicheko alikivumilia, lakini hili hapana. Akashika mkono wa mzee kwa mikono miwili.

“Mzee, si huyo. Chukua wengine. Wowote unaotaka, hata wote.”

“Wengine hukuwaimbia,” akasema Lomunokol, akautoa mkono wake.

Longor akatoka kwa mlango wa pembeni. Watu wakampisha kama mtu mwenye ugonjwa.

Stephen akakohoa. “Sasa, huu ujumbe wa Nairobi. Tuandike nini?”

Kelele zikaanza upya. Wapo waliosema warudi wote, Mama Apua amesema. Wapo waliosema haiwezekani, si tumemwona Nyanut. Nikaomba neno la mwisho, na kwa siku hiyo hakuna aliyethubutu kuninyima.

“Andikeni kwamba Kaaleng inataka askari, na inawataka leo. Mama huyu hakudanganya hata neno moja. Lakini msiandike kwamba wale wa Juba wanakula dola bure. Mimi niliimba huo wimbo mwaka mzima, na aliyenifundisha ametoka kwa mlango ule.”

“Na hao walioko huko, warudi au wakae?” mtu akauliza kutoka dirishani.

“Muulize Nyanut. Mama yake bado yuko nyuma ya lile lango.”

Hawakukubaliana. Waliendelea kubishana mpaka mwenye ukumbi akadai funguo zake, na nadhani wanabishana mpaka leo. Mimi niliwaacha, nikatoka nje na simu ya Kuol. Nyanut na Mama Apua wakanifuata. Nilimpa mama azungumze kwanza. Hakusema kitu cha maana, alirudia tu jina la mtoto wake, na huko Juba askari mzima akalia.

Ikanifikia zamu yangu.

“Nimwambie mkubwa wangu nirudi?” Epuyo akauliza. “Nikiomba sasa watanikubalia. Sema neno moja tu, nije.”

Neno hilo nililitaka mno. Lilikuwa mdomoni. Nyanut alikuwa amesimama pembeni, anajifanya hasikii, vidole vyake vimekamata pindo la nguo pale lilipokuwa fundo.

“Muda wako unaisha lini?”

“Juni.”

“Basi kaa hapo langoni mpaka Juni. Mtunze mama ya Nyanut. Juni ikiisha usiongeze hata siku moja, nitakuja kukutoa mwenyewe.”

Akacheka, kicheko nilichokuwa nimekikosa mwaka mzima.

“Na maksai? Mimi huku sina hata mbuzi.”

“Maksai utamkuta kwa mama yako. Yuko njiani anapelekwa.”

“Wa rangi gani?”

“Wa udongo. Pembe moja imepinda mpaka karibu na jicho.”

Epuyo alikuwa amemjua yule mnyama tangu ndama. Alikuwa amesaidia kumchonga hiyo pembe.

“Asekon, huyo si ni wa Longor?”

“Alikuwa,” nikasema. “Wewe njoo na mkuki.”